Kizazi kilicholala nyuma: ninavyowasaidia wanaotafuta mtoto

Kizazi kulala nyuma si ugonjwa. Takriban mwanamke mmoja katika watano kizazi chake kimeelekea uti wa mgongo badala ya kuinamia kibofu, na wengi wao huzaa bila hata kujua. Hilo ndilo neno la kwanza ninalomwambia mama anayeletwa na mawifi zake kliniki huku Pemba, ameshaambiwa kwamba hapati mtoto kwa sababu kizazi "kimegeuka".

Manii humwagika ukeni, karibu na mlango wa kizazi, na mbegu huogelea zenyewe. Dakika chache tu, zilizo nzima zimeshaingia kwenye ute wa mlango. Kwa hiyo mto chini ya kiuno hauhitajiki, wala miguu ukutani. Wengi huniuliza kwa haya kama kuoga janaba mapema kunatoa mbegu. Hakutoi. Ninachokataza ni kuingiza maji, sabuni au marashi ndani, na kutumia mate kulainisha, maana mate hudhoofisha mbegu.

Kuchuliwa tumbo ili kizazi "kirudi" pia nakataza, pamoja na heshima zote kwa bibi zetu. Kizazi hushikiliwa na kano zake; ukikisukuma kwa nje hakikai. Na kama kuna uvimbe kwenye kokwa la yai, usaha kwenye mirija au mimba changa, mkono mzito unaumiza.

Kinachonishughulisha ni kizazi kilichonata huko nyuma. Namuuliza: hedhi inamlaza kitandani? Anaumia ndani kabisa akikutana na mumewe? Anaumia akienda choo kikubwa siku za hedhi? Ametokwa na uchafu wenye harufu? Majibu ya ndiyo hunielekeza kwenye endometriosi, yaani nyama kama ya utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake, au makovu ya magonjwa ya zinaa ya klamidia na kisonono. Hapo tatizo ni makovu na mirija, si mlalo. Maambukizi hutibiwa mke na mume pamoja, ila dawa haifuti kovu lililokwisha kuganda, na mirija hupigwa picha maalumu baada ya damu kukatika, kabla yai halijatoka.

Kosa ninalolikuta zaidi ni la hesabu. Wanawake wetu wanazijua siku zao vizuri kwa ajili ya sala, lakini wengi huanza kuhesabu siku waliyojitohirisha. Siku ya 1 ni ile damu ilipoanza. Aliyetohirika siku ya 7 akaongeza 14 amefika ya 21, na kwa mzunguko wa siku 28 yai limeshapita wiki nzima. Toa 14 kwenye urefu wa mzunguko: wa 28 yai hutoka karibu na siku ya 14, wa 32 karibu na ya 18. Yai halivuki saa 24, mbegu huishi mpaka siku tano, basi wenye 28 nawaambia wakutane kila baada ya siku moja, kuanzia ya 9 hadi ya 15. Ute ukivutika kama weupe wa yai bichi, wasingoje. Vitamini ya foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku ianze kabla ya mimba.

Mume naye apimwe mapema, asiachiwe mke mzigo peke yake. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kisha sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, imewekwa karibu na mwili isipoe. Kondomu ya kawaida huharibu mbegu. Tone la kwanza likimwagika aseme, maana ndilo lenye mbegu nyingi. Miezi 12 ikipita bila mimba, au 6 kwa mwenye miaka 35 na zaidi, waende kwa daktari wote wawili.

Mimba ikishika, kizazi hujiinua chenyewe kufika wiki ya 12 hadi 14. Mara chache sana hukwama kwenye nyonga na kuziba mkojo. Mjamzito wa wiki ya 14 au 16 anayeshindwa kukojoa, au mkojo unamtoka kwa matone tu huku tumbo la chini linauma, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo atiwe mpira wa mkojo.