Kikopo cha shanga za bibi

Bibi yangu alikuwa na kikopo cha maziwa ya unga kilichojaa shanga alizookota pwani ya Unguja Ukuu, bandari ya kale kisiwani Unguja, masika yakishapita. Nyekundu kama tofali, manjano, buluu chache. Nyingi hazizidi punje ya mtama. Akisema, "Za watu wa kale hizo, msizichezee." Tukizichezea hivyo hivyo.

Siku niliyoshika bunduki ya eksirei kazini, mashine ya mkononi ya kupima elementi, nikakumbuka kikopo. Unaielekeza kwenye ushanga, unabana, dakika moja hivi skrini inakutajia: shaba, risasi, bati, chuma. Shaba ndiyo iliyotia ule wekundu. Risasi na bati, manjano. Kalisiamu nikaiona imepanda, nikadhani ni kioo cha jivu la mimea, kama cha Iraki, nikampigia dada simu: "Shanga za bibi zimetoka Iraki!"

Mwalimu wangu akacheka. "Umeona ngozi, hujaona nyama."

Kweli. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka nyuzi 1,700 hivi, kwa hiyo wapishi wa kioo huutia soda. Soda ya ardhini kama magadi, au jivu la mimea ya nchi za chumvi? Anayejibu ni magnesiamu: magnesia, yaani oksidi yake, ikipita asilimia 1.5 hivi, unafikiria jivu. Sasa eksirei za magnesiamu na sodiamu ni dhaifu mno, humezwa na hewa kabla hazijafika kwenye mashine. Tena kioo kilicholala zaidi ya miaka elfu kwenye mchanga wenye unyevu huvuja sodiamu, kikabaki na gamba. Mimi nilikuwa nasoma gamba, na uchafu wa pwani juu yake. Aibu yangu.

Kikopo nikakikabidhi kwa watu wa mambo ya kale, na shanga chache zikaenda kupimwa kwa leza. Leza hutangulia kuchoma gamba, ndipo ikatoboa kitundu cha kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa macho hukioni. Mvuke wake hupelekwa na gesi hadi kwenye plazma ya agoni, yaani gesi iliyopashwa joto la maelfu ya nyuzi, chembe zikavuliwa elektroni, kisha spektrometa ikazitenga kwa uzito wake. Elementi zaidi ya 50 kwa ushanga mmoja, nao mzima.

Nyekundu zote: alumina (oksidi ya alumini) juu, magnesia chini. Kioo cha Asia ya Kusini, kama nyingi zilizofukuliwa Unguja Ukuu. Buluu moja tu ndiyo ya jivu.

Dada mpaka leo ananiita Mwiraki.