Leo nimeaibishwa na gitaa la plastiki

Kwa wasionijua vizuri, mimi hupiga gitaa kanisani, mwaka wa tisa huu.

Sasa leo baada ya ibada nikapitia kwa binamu yangu hapo Umoja, nikapata ametoa kwa stoo PS2 yake ya zamani, ile mashine ya gemu, na lile gitaa la Guitar Hero, ile gemu ya 2005. Halina nyuzi. Lina vitufe vitano tu shingoni, kijani, nyekundu, njano, buluu na chungwa, halafu pale unapopigia kuna kitu kama swichi ya stima.

Nikacheka, nikamwambia lete hapa.

Wueh! Rangi zinateremka kwa skrini kama matatu za Jogoo Road asubuhi, ubonyeze huku unapiga swichi wakati huo huo, ukichelewa kidogo tu gitaa linanyamaza kwa wimbo. Na vidole vyangu vinatafuta nyuzi! Naenda kushika kodi ya G (si ile ya kulipa KRA), napata plastiki. Mashabiki wa ndani ya gemu wakaanza kunizomea, nikatolewa wimbo haujafika nusu.

Kasichana ka binamu yangu, ka gredi ya tano, kakachukua gitaa, kakapiga mpaka mwisho, katikati kakainua shingo ya gitaa juu ile ya kuongeza pointi, mandazi bado mdomoni.

Halafu kananiangalia: "Anko, kwani kanisani huwa unapiga nini?"

Niko kwa mat narudi nyumbani na bado nasikia ile swichi, tak tak tak.

Wanamuziki wenzangu, mmewahi kujaribu hii kitu? Ama ni mimi tu?