Mabuti ya Mlimani

Jumapili usiku, Arusha

Buti la kulia nimeliweka juu ya gazeti karibu na mlango. Nikilibonyeza kwa kidole gumba, pale soli ilipokutana na ngozi, linamong'onyoka kama mkate uliolala na kuacha unga wa kijivu. Ngozi yenyewe ni nzima, haina hata mkwaruzo. Kamba zake bado nyekundu kama siku niliyoyanunua.

Niliyanunua mitumba miaka minne iliyopita, nikiwa nimeshaamua kwamba mwaka ule ule nitapanda Mlima Meru. Mwaka ule nikapata mimba, mwaka uliofuata nikahama kazi, na safari ikasogezwa mpaka nikaacha kuitaja. Mabuti nikayafuta, nikayatia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga kwa fundo na kuyasukuma chini ya kitanda. Nyumbani tuliyaita "ya mlimani". Tulipokwenda maporomoko ya Napuru nilivaa raba, nikateleza njia nzima kwenye tope, lakini wazo la kuyatoa halikunijia hata kidogo. Mama ana kabati la vioo sebuleni lenye vikombe vya wageni ambavyo tangu nasoma darasa la pili sijawahi kuvinywea chai. Mimi nimekulia humo. Kitu kizuri kinawekwa.

Juzi Alhamisi tulianzia lango la Momella, watatu, na siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Meru hupandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati, na kweli tuliwakuta kundi zima wamesimama kwenye majani mafupi wakitutazama bila kutafuna. Askari alituonyesha kwa mkono tu: pita hivi, msikimbie. Tukalala kambi ya Miriakamba, mita 2,514. Miguu ilikuwa mikavu na nilijisifu moyoni kwa kuyatunza mabuti yangu.

Siku ya pili ndiyo ya ngazi. Kutoka Miriakamba unapanda vidaraja vya mbao, vingi mno, chini ya miti yenye nyuzi za kijani zinazoning'inia kama ndevu. Tulishapita Topela Mbogo na tulikuwa tumeikaribia Mgongo wa Tembo niliposikia mlio nyuma yangu, pa, pa, pa, kama ndala. Nikageuka kuona nani amevaa ndala mlimani. Ilikuwa soli yangu.

Kiongozi msaidizi alipiga goti, akaishika, akaifunua kama jalada la daftari.

"Dada, haya yalikaa ndani siku nyingi?"

"Miaka minne."

"Basi. Yakikaa yanafanya hivi. Tumeshafunga mengi."

Akamwita mmoja wa wagumu, yaani wapagazi, akafungua kwenye mzigo wake ukanda wa mpira, ule wa tyubu ya baiskeli wa kufungia mizigo. Aliuzungusha mara mbili mbele ya kisigino, akaupitisha juu ya mguu kwa msalaba, akauchomeka ncha chini ya kamba nyekundu. Kisha akaingiza kidole kati ya mpira na ngozi kupima. "Hapa tusikaze sana," alisema, "usiku damu itashindwa kufika vidoleni." Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimepasuka kwa baridi.

Leo nimesoma kwa nini. Kati ya ngozi na mpira wa chini kuna tabaka la povu, mara nyingi poliyurethani, ndilo linalomeza kishindo cha hatua. Unyevu wa hewani huliingia polepole na kuivunja kemia inayolishikilia, hata kama buti limelala tu. Likitembelewa, povu hubinywa na kuutoa ule unyevu. Likifungiwa kwenye nailoni, unyevu unabaki nalo. Mengi huanza kumeguka miaka 5 hadi 10 baada ya kutoka kiwandani, na la mitumba hukufikia likiwa limeshakula sehemu ya umri huo. Kwa hiyo ukiyakuta mazuri sokoni, usitazame ngozi. Kunja pua ya buti kwa nguvu, bonyeza povu kwa gumba, na ukiona nyufa ndogo au unga, liache hata kama linang'aa.

Nilifika kambi ya pili, Saddle Hut, mita 3,570, kwa mpira ule. Saa nane usiku tukaondoka kuelekea kileleni. Mpira ulishika vizuri kwenye majivu, lakini kwenye mwamba uliteleza, na pale Rhino Point, mita kama 3,800, soli ya kushoto nayo ilianza kuita. Mbele yetu ilikuwa miamba mitupu na giza pembeni. Kiongozi msaidizi aliimulika miguu yangu kwa taa ya kichwa, akanyamaza. Nilimwambia mimi ninaishia hapa. Wenzangu wakaendelea na askari na kiongozi mkuu, yeye akabaki nami.

Nililia, na sikujificha. Alinipa chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa yake akageukia pembeni mpaka nilipomaliza. Tuliketi kwa kuegemeana migongo ili upepo usitupate wote wawili. Kulipopambazuka, Kilimanjaro ilitokea mashariki, nyeusi, pana kuliko nilivyowahi kuiona kutoka mjini, na chini yetu kile kilima cha majivu kikaanza kupata umbo ndani ya shimo la Meru. Kilele changu cha mita 4,562 kilikuwa juu yangu, kikishika mwanga kabla yetu. Mpaka sasa kinaniuma.

Leo jioni nimeyatoa yote yaliyokuwa chini ya kitanda. Koti la mvua limegandana mikunjo, nimelitundika. Taa ya kichwa ilikuwa na betri ndani, zimetoa maji na kuacha kutu ya kijani kwenye springi, nimeikwangua kwa kisu. Mwanangu ameomba koti alivalie kuogea na nimemruhusu. Kesho nampelekea fundi viatu mabuti, aniambie kama ngozi hii inakubali kushonewa soli nyingine.

Mpira nimeuosha, umeanikwa dirishani. Tulipofika Momella nilitaka kuufungua, kiongozi msaidizi akasema nisiufungue, nifike nao nyumbani kwanza. Ijumaa kuna gari linalopanda getini, nitamtumia.