Usiniulize mama mdogo alipewa dawa gani

Tangu mama mdogo amalize mionzi ya saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam, simu yangu haipumziki. Majirani wa Kilosa, watu wa ukweni, hata mama mmoja aliyepewa namba yangu kanisani, wote wanauliza: "Walimpa dawa gani?" Kila mmoja ana mgonjwa wake na anataka naye apewe hiyo hiyo. Nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, maana jibu lenyewe ni refu, na linaanza kabla ya dawa yoyote. Linaanza na kinyama, yaani kile kipande kidogo kinachokatwa kwenye uvimbe kikapimwe maabara.

Mama mdogo alikuwa ameshakoma hedhi miaka mingi alipoanza kutokwa damu. Alinyamaza. Baadaye ikaja harufu na maumivu ya kiuno, akaenda kwenye zahanati moja akaandikiwa vidonge vya UTI. Aliporudi akaandikiwa vingine. Hakuna aliyempandisha kitandani kumwangalia, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu mlango wa kizazi unaonekana kwa macho. Daktari wa hospitali ya mkoa alipomulika taa aliuona uvimbe papo hapo, akakata kinyama na kukipeleka maabara.

Hapo mjomba akaja juu. Alisema kansa ikiguswa na chuma inatawanyika, tumtoe dada yake hospitali tumpeleke kwa mtu anayemjua. Maneno haya nimeyakuta kila nilipokaa na wagonjwa, na yanapoteza watu. Mgonjwa anakimbia kinyama, anakunywa mizizi, anarudi wakati mirija ya figo imeshaziba. Bila jibu la kinyama, hakuna daktari atakayeanza mionzi au kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kwa kubahatisha.

Majibu yalipotoka yalisema ni saratani ya mlango wa kizazi, ile inayoanzia kwenye seli bapa za juu. Tukapewa rufaa. Ocean Road ni lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari, na ilifanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya 1996. Tukitoka Mbagala, kwangu, tulipanda daladala hadi Kivukoni, kisha bajaji, kwa sababu hakuwa na nguvu za kutembea.

Kabla ya kuanza walitaka kujua ugonjwa umefika wapi. Walimpima kwa mkono, wakampiga picha ya kifua, ultrasaundi ya figo, wakachukua damu ya kuangalia figo na VVU. Wakasema ni hatua ya 2B: ugonjwa umetoka kwenye mlango wa kizazi na kuingia kwenye nyama za pembeni, ila haujafika kwenye ukuta wa nyonga. Mjomba, ambaye sasa alikuwa ameanza kusikiliza, akauliza swali ambalo nalo naulizwa sana: kwa nini wasitoe kizazi tu yakaisha? Dokta alimjibu vizuri, kwa heshima. Ugonjwa ukiwa bado umebaki kwenye mlango wenyewe na ni mdogo, upasuaji unafaa. Ukishapita pembeni, kisu kinaacha mabaki, kwa hiyo njia yake ni mionzi pamoja na kemo.

Hata hivyo hakuanza siku hiyo, maana damu yake ilikuwa chini. Uvimbe usiopata hewa ya kutosha kupitia damu hausikii mionzi vizuri, kwa hiyo aliongezewa damu kwanza, na vijana wa ukoo wakaenda kuchangia.

Mionzi ya nje ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kwa wiki. Wanakuchora alama za wino mwilini, na hizo ndizo zinazoonyesha mashine ielekezwe wapi, kwa hiyo usizisugue unapooga. Mama mdogo aliambiwa anywe maji kibofu kijae, ili utumbo usogee juu usiungue bure. Juu ya mashine ni dakika chache, hakuna maumivu. Maumivu yanakuja baadaye: kuharisha, uchovu, mkojo kuchoma. Mara moja kwa wiki alitundikiwa dawa ya kemo iitwayo sisplatini, na kabla yake maji mengi ya dripu kwa sababu dawa hiyo ni kali kwa figo. Siku hizo alitapika, na chakula pekee alichokubali ni uji wa ulezi usio na sukari.

Alichokiogopa kuliko vyote ni mionzi ya ndani. Wanapitisha mrija ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi, wahudumu wanatoka chumbani, mashine inasukuma chanzo cha mionzi kupitia mrija, kinakaa kwa muda uliopangwa, kisha kinarudi ndani ya mashine. Kwa kuwa chanzo kinarudi, mgonjwa haondoki na mionzi. Mama mdogo hakujua. Alikataa kumpakata mwanangu, akala chakula chake pembeni, akidhani atatuunguza. Ilibidi sista amketishe na kumweleza, "Mama, wajukuu wakumbatie tu." Alilia. Laiti angeelezwa hivyo siku ya kwanza.

Sasa sikilizeni kuhusu wenzake wa kwenye benchi. Alikuwapo baba mmoja wa Singida mwenye saratani ya umio, yaani njia ya chakula, hata maji yalikuwa yanampalia. Kinyama chake kilichukuliwa kwa kushushiwa kamera kooni. Alikuwapo dada mwenye saratani ya titi ambaye kinyama chake kilionyesha uvimbe unalishwa na homoni, kwa hiyo baada ya upasuaji na kemo ataendelea na vidonge vya tamoksifeni kwa miaka. Alikuwapo kijana mwenye mabaka meusi mguuni, saratani iitwayo Kaposi, ambaye kemo yake inakwenda sambamba na ARV, na bila hizo ARV kemo isingefika mbali. Wote wanaitwa wana kansa. Ukimpa yule baba tamoksifeni ya yule dada, umemwacha afe na njaa. Ndiyo maana siwatajii dawa kwenye simu.

Wakati tukisubiri nilipimwa na mimi. Wanapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, wanasubiri kidogo, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe, na mabadiliko hayo yanatibiwa kabla hayajawa saratani. Kipimo hiki kipo kwenye vituo vingi vya afya, na wanaoishi na VVU wanatakiwa kukirudia mara nyingi zaidi. Binti yangu naye amechanjwa shuleni dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii. Tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kwa mnaojiandaa kuja: beba barua ya rufaa na karatasi ya jibu la kinyama, lakini msiishie kwenye karatasi. Ombeni pia slaidi, yaani vioo vilivyopakwa sampuli, na kile kipande cha nta kinachohifadhi kinyama, kwa sababu wataalamu wakitaka kukisoma upya au kuongeza kipimo watavihitaji, na kuvifuata tena mkoani ni nauli na wiki zinazopotea. Tafuteni mapema ndugu wa kumpokea mgonjwa Dar, maana mionzi ya kila siku haiwezekani kwa kwenda na kurudi. Na kama mgonjwa wenu bado hajakatwa kinyama, mpelekeni kesho.