Ngome ya Conwy na Jeneza la Llanrwst

Nilipokuwa nikisoma Bangor, kaskazini mwa Wales, mwenyeji wangu, mzee aliyestaafu ualimu wa historia, alinichukua asubuhi moja ya Aprili twende Conwy nikaione ngome aliyoijenga Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na utotoni nilipita chini ya kuta za Fort Jesus kila nilipokwenda chuoni, kwa hiyo mzee alikuwa na hamu ya kusikia mtu wa pwani yetu angesema nini mbele ya ngome ya kwao.

Tuliiona kwanza kutoka ng'ambo ya mto. Ina minara minane mikubwa ya duara iliyopangwa juu ya mwamba mrefu, na minne ya upande wa mashariki imebeba vinara vyembamba juu yake. Nyuma yake iko milima ya Eryri, ambayo siku ile ilikuwa bado na theluji vileleni. Kuta za mji zinaanzia penye ngome na kuuzunguka mji wote kwa mwendo wa takribani kilomita 1.3, zikiwa na minara 21 na malango matatu, na mtu anaweza kutembea juu yake sehemu kubwa ya safari hiyo huku akichungulia mapaa ya nyumba ambamo watu wanaendelea na shughuli zao. Katika maeneo mengi ya kale mgeni huonyeshwa msingi na vipande vya ukuta, kisha akaambiwa ajazie mengine kwa mawazo. Conwy haimwombi mtu afanye hivyo. Kuta zimesimama kwa kimo chake chote, na kilichopungua hasa ni mapaa, sakafu za mbao, na madini ya risasi yaliyofunika mapaa hayo, ambayo yalibanduliwa pamoja na chuma katika karne ya 17 ili yauzwe.

Ndani ya ua wa nje mzee alianza kunieleza habari za wafalme, lakini macho yangu yalikuwa yamenaswa na ukuta. Katika ukoo wetu wamo waashi, na nimekulia miongoni mwa watu ambao wakiingia nyumba ya mtu hutazama kona kabla ya kumtazama mwenye nyumba. Nikaona safu za matundu madogo ya mraba, kila tundu likitosha kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko, yamepangwa kwa vipimo sawa kutoka chini hadi juu ya mnara. Ni matundu ya boriti za jukwaa: fundi alichomeka boriti ukutani, akatandika mbao, akajenga hadi kifua chake, kisha akapanda na kuchomeka nyingine. Niliingiza mkono katika tundu moja lililokuwa usawa wa bega langu. Ndani mawe yalikuwa hayajachongwa kama yale ya nje, na chokaa iliyobanwa kati yake bado ilikuwa ngumu hata ukucha haukuweza kuichimba. Mzee, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwaleta wanafunzi wake mahali pale, alisimama kando akanisikiliza nikimweleza jinsi kazi ile inavyofanywa, naye akanionyesha alama za chokaa nyeupe zilizosalia katika pembe kadhaa, kwani ngome nzima iliwahi kupakwa nyeupe. Kwa mtu aliyezoea kuta nyeupe za pwani, habari hiyo iliibadilisha sura yote ya jengo lile.

Kazi ile ilisimamiwa na fundi mkuu James wa Saint George, aliyetoka Savoy, nchi ya milima ya Alps, na ilikamilika kwa sehemu kubwa kati ya mwaka 1283 na 1287. Ngome na kuta za mji pamoja ziligharimu pauni zipatazo 15,000, fedha nyingi kupita kiasi kwa wakati ule, na haraka hiyo ilikuwa na sababu yake. Mnamo Desemba 1282, Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, aliuawa vitani, na miezi michache baadaye Edward akafika Conwy. Mahali alipopachagua palikuwa na monasteri ya watawa wa Sistersiani, na humo ndimo alimozikwa babu yake Llywelyn, yaani Llywelyn ab Iorwerth, anayekumbukwa kuwa mkuu kuliko watawala wote wa Wawelisi. Watawa wakahamishwa hadi Maenan, juu zaidi katika bonde la mto, na ngome ikaanza kupanda. Mji uliozungushiwa kuta ulikuwa wa walowezi kutoka Uingereza, na Wawelisi hawakuruhusiwa kuufanya makazi yao. Mzee alilisema jambo hili bila kupandisha sauti, akiwa ameegemea ukuta wa kisima kilicho mpakani mwa ua wa nje na ua wa ndani wa mfalme.

Sikuacha kukitazama kisima hicho. Katika majira ya baridi ya 1294 na 1295, Wawelisi walipoasi chini ya Madog ap Llywelyn, Edward mwenyewe alijikuta amefungiwa humu huku mto ukiwa umefurika na chakula kikipungua, hadi meli zilipomfikia. Katika siku za kawaida kikosi cha ulinzi kilikuwa na watu 30 tu, 15 kati yao wapiga pinde, pamoja na kasisi, seremala, mhunzi na mwashi. Nilifurahi kwamba mwashi alihesabiwa miongoni mwa walinzi.

Tulipanda ngazi za kuzunguka hadi juu ya mnara mmoja wa ua wa ndani, na huko mzee akanisimulia habari ya ndugu wawili, Rhys na Gwilym ap Tudur, jamaa za Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi wa Wawelisi dhidi ya Uingereza. Ijumaa Kuu ya mwaka 1401, walinzi wengi wakiwa kanisani mjini, watu wa ndugu hao waliingia kwa hila, inasemekana kwa kujifanya maseremala, wakaiteka ngome ambayo jeshi lisingeivunja kwa urahisi. Waliishikilia kwa miezi kadhaa, kisha wakaiachia kwa masharti ya msamaha, wakawatoa wenzao tisa, nao wakauawa. Mimi nikamsimulia ya Mombasa ya 1631, Sultani Yusuf bin Hasan alipoingia Fort Jesus, akamchoma kisu kapteni Mreno na kuitwaa ngome. Tulibaki juu kule kwa muda mrefu, upepo ukivuma kwa nguvu, tukilinganisha matukio hayo mawili. Hoja yake, ambayo bado naiona kuwa sahihi, ilikuwa kwamba ngome nene namna hii huandika kwa mawe kiasi cha hofu ya aliyeijenga, na kwamba wale tisa wanastahili kutajwa kila mara ndugu wale wanaposifiwa.

Tuliposhuka tulipita penye vyoo 12 vya mawe vilivyochomoza mfululizo kutoka ukuta wa mji, ambavyo ningemshauri kila mgeni asiviache, kwani vinamwonyesha kwamba waliokaa humu walikuwa watu wenye miili na wala si majina ya vitabuni. Langoni wafanyakazi wa Cadw, taasisi ya urithi ya serikali ya Wales, walikuwa wakizungumza Kiwelisi wao kwa wao. Nilimuuliza mzee kama haoni uchungu kwamba jengo la aliyewashinda linatunzwa vizuri hivi, tena kwa kodi za wajukuu wa walioshindwa, na tangu 1986 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hakunijibu pale. Alisema safari haijaisha, akaelekeza gari kusini kufuata mto.

Llanrwst ni mji mdogo wenye kanisa la Mtakatifu Grwst, na katika kikanisa cha Gwydir kilichoungana nalo limewekwa jeneza la jiwe linalohesabiwa kuwa la Llywelyn ab Iorwerth, lililotolewa monasterini. Halina kifuniko wala mifupa. Ubavuni limechongwa maua ndani ya duara, kwa mkono wa fundi aliyejua kazi, na nilipopitisha kidole katika michongo ile nilihisi kingo zake bado zimenyooka. Mzee aliniambia kwamba katika miaka yake ya kufundisha aliwaleta watoto hapa kwanza, ndipo akawapeleka Conwy, na kwamba kwangu aligeuza utaratibu huo kwa sababu alitaka kwanza ngome inishangaze. Nilimwambia kwamba imenishangaza kweli, lakini mgeni wake mwingine nitakayemletea kutoka Mombasa aanze naye Llanrwst.