Mkono uliosoma sifuri: Ijumaa yangu maabarani

Saa 11 alfajiri. Stima imepotea tena Kayole, kwa hiyo nachemsha chai kwa mwanga wa simu. Usiku kulinyesha, na nikifika steji nauli imeshapanda. Makanga hataki maneno. Jogoo Road tunajikokota hadi City Stadium. Nalala kidogo.

Saa 1 na nusu niko maabarani. Naandika joto la friji, napima sampuli za udhibiti, kisha napokea chupa za damu zenye vifuniko vya zambarau. Damu ya kuhesabu CD4, zile seli za kinga ambazo HIV huziua, haiingii kwenye friji, baridi huharibu seli. Kila mwanafunzi anayekuja kujifunza kazi huiweka humo siku yake ya kwanza. Wa leo nimemdaka mkono kwa wakati, mlango wa friji ukiwa wazi.

Saa 3 anaingia mzee mmoja tuliyemchoma Mantoux, kipimo cha TB cha ngozini, Jumatano. Mkono wa shati ameshaukunja. Tulimdunga ndani ya ngozi tu, si chini yake, 0.1 ml ya protini za kijidudu cha kifua kikuu, tukamwambia arudi baada ya saa 48 na kabla ya saa 72. Watu hulalamikia kungoja huko, lakini kungoja ndiyo kipimo chenyewe. Hapa hatutafuti kingamwili, zile protini za kinga zinazoelea kwenye damu. Tunatafuta seli T, seli za kinga zinazokumbuka kijidudu: lazima zifike pale ngozini, zimwage kemikali ya kuita wenzake iitwayo intaferoni gama, ziwaite makrofaji (seli zinazomeza vijidudu), na ngozi iwe ngumu polepole. Wekundu haupimwi. Nafunga macho, napitisha kidole juu ya mkono nikitafuta ukingo wa uvimbe mgumu, kisha rula, kukata mkono kwa upana.

Sikupata ukingo. Milimita sifuri.

“Daktari, basi sina TB?” (Hapa kila aliyevaa koti jeupe ni daktari.)

Sikumjibu upesi. Fomu yake ilikuwa mezani: kikohozi cha wiki tatu, kipimo cha HIV cha juzi mistari miwili iliyokolea, na CD4 iliyotoka kwenye mashine asubuhi hiyo, 64. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 500 na 1,500 kwa kila mikrolita ya damu.

Tazama mwili huo mmoja. Kingamwili dhidi ya HIV ni nyingi kiasi cha kukoleza mstari kwa dakika chache. Upande wake wa kutengeneza kingamwili unafanya kazi, tena kupita kiasi, kwani kirusi hiki huzichokoza hovyo seli B, watengenezaji wa kingamwili, na damu ikajaa kingamwili zisizo na kazi maalumu. Ila kijidudu cha TB kimejificha ndani ya makrofaji, na kingamwili huelea nje ya seli. Haziwezi kubisha mlango huo. Anayepaswa kumwambia makrofaji “ua ulichokimeza” ni seli T saidizi yenye CD4, nayo ndiyo ambayo kirusi cha HIV huiangamiza. Kwa hiyo sifuri ile haikuwa na maana kwamba hakuna kijidudu. Huenda hakukuwa na wa kujibu.

“Mzee wangu, usiende nyumbani bado,” nikamwambia. “Ngozi imenyamaza. Sasa tuulize makohozi.”

Saa 7 tuko kibandani, chapati na ndengu. Mwanafunzi wangu anauliza swali zuri kuliko yote ya wiki: kwa nini mwili usiwashe kinga zote mbili, ya kingamwili na ya seli, kwa nguvu moja na kumaliza mambo? Mimi sipendi ule mfano wa majeshi na askari unaofundishwa kila mahali, maana askari unaweza kuongeza tu. Nikamwonyesha jiko la mama mwenye kibanda: makaa mamoja, sufuria mbili. Ukiyasogeza kushoto, ya kulia inapoa. Mwaka 1986 Timothy Mosmann na Robert Coffman walionyesha, kwa seli za panya, kwamba seli T saidizi ni za aina mbili. Th1 hutoa intaferoni gama na kuwasha makrofaji. Th2 hutoa kemikali nyingine, intalukini 4, ambayo husukuma seli B zitengeneze kingamwili za IgE. Tena kila upande hutuliza mwenzake.

Ukoma unaonyesha jambo hili waziwazi mno. Kijidudu ni kimoja. Mgonjwa ambaye kinga yake ya seli ina nguvu hupata mabaka machache yaliyokufa ganzi, na vijidudu ni vya kutafuta kwa tochi. Mwingine ana kingamwili tele na kinga ya seli dhaifu, na ngozi yake imejaa vijidudu. Wingi wa kingamwili haukumfaa kitu.

Nikamwonya lakini asiikariri kama kanuni ya mitihani. Siku hizi tunajua kuna seli T nyingine zinazokaa ndani ya tezi na kuzisaidia seli B moja kwa moja, na kuna seli T dhibiti, zile zinazotoa makaa jikoni kabla chakula hakijaungua. Hizo ndizo zilizowapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Nobel ya mwaka 2025. Mama akasikia neno makaa akauliza kama tunalalamikia chapati.

Saa 8, slaidi ya damu ya mtoto mwenye eosinofili nyingi, seli nyeupe ambazo minyoo huziongeza. Nikaomba choo kipimwe minyoo. Huo ni upande wa Th2, na huko ndiko kunakofaa kwa mdudu asiyeweza kumezwa na seli. Halafu nikaletewa karatasi ya Widal, kipimo cha kingamwili za taifodi, kutoka zahanati fulani: mama ana homa tangu jana, ameshauziwa dawa za taifodi. Kingamwili za siku moja hazisomeki hivyo! Huenda aliwahi kuugua au kuchanjwa zamani, basi. Nimechoka kuisema hiyo.

Saa 10 GeneXpert, mashine inayosaka TB kwenye makohozi, ikatoa jibu la yule mzee. TB ipo, na dawa ya rifampisini inaiweza. Daktari wake akamwanzishia dawa za miezi sita. ARV zitafuata ndani ya wiki mbili. Si siku moja, kwa sababu CD4 zikirudi kwa kasi huwakuta vijidudu wengi na kuanza fujo: homa, tezi kuvimba, mgonjwa aonekane kuzidiwa ilhali kinga inaamka. Mzee akaniuliza kama mkono ule ule ukichomwa tena siku moja utavimba. Nikamwambia inawezekana, na akiuona umevimba asiogope.

Saa 2 usiku nimefika nyumbani. Binti yangu ametoa rula ya Mantoux mfukoni mwa koti langu, anachora nayo jedwali la hesabu. Kovu lake la BCG linaonekana kwenye mkono wa kushoto. Anauliza kwa nini rula hii ni fupi hivi. Nikamwambia uvimbe wenyewe ni mdogo, na airudishe mahali pake akimaliza. Kesho kuna mikono minne ya kusoma.