Likizo ya Mafia hupangwa kwa upepo na mwezi

Wengi wanaokwenda kisiwa cha Mafia huangalia mambo mawili tu kabla ya kulipa: siku za likizo walizopewa kazini na bei ya tiketi. Wakifika wanakuta bahari imekupwa mbele ya chumba chao, maji yako mbali nyuma ya mikoko, boti imekaa kwenye tope, na papa potwe (whale shark) waliyemfuata hajaonekana juu ya maji kwa wiki kadhaa. Hapo wanaanza kulaumu hoteli. Kwa kweli tarehe ndizo zilizowaponza. Mafia ina pepo zake na maji yake, na vyote viwili vinajulikana miezi kabla. Anza navyo, ndipo ukatafute tiketi.

Upepo ndio unaochagua mwezi wa kwenda

Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na katikati ya majira hayo, Juni na Julai, huwa kali. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Kati ya kusi na kaskazi kuna tanga mbili, yaani Oktoba na Novemba, upepo ukiwa haujaamua uende wapi na bahari ikitulia. Masika ya Aprili na Mei ni ya kuepuka kabisa: hoteli kadhaa hufunga, njia za ndani ya kisiwa huwa matope, na maji ya baharini huchafuka.

Sasa wapange wanyama juu ya majira hayo. Papa potwe huonekana vizuri kuanzia Oktoba hadi Februari, upande wa magharibi, karibu na mji wa Kilindoni. Vifaranga vya kasa hutoka mayaini kwa wingi Juni hadi Septemba, kwenye fukwe za mashariki za kisiwa cha Juani. Nyangumi wenye nundu hupita kati ya Agosti na Oktoba. Popo wakubwa wa kisiwa kidogo cha Chole wapo mwaka mzima. Nguva nao wamo katika maji ya Rufiji na Mafia, lakini wamebaki wachache mno. Anayekuahidi nguva anakudanganya.

Hakuna mwezi unaokupa vyote. Kama unakwenda mara ya kwanza na unataka potwe pamoja na bahari tulivu, chagua kati ya nusu ya pili ya Oktoba na mwisho wa Novemba. Mvua za vuli zinaweza kukupata, ila mara nyingi hunyesha kwa saa chache kisha mbingu hutakata. Kama roho yako iko kwa kasa, nenda Julai au Agosti, na ukubali kwamba siku za upepo mkali utapiga mbizi ndani ya ghuba ya Chole tu. Nje ya ghuba, upande wa bahari kuu, kusi hupandisha mawimbi ambayo hakuna nahodha makini atakayekupeleka.

Halafu mwezi wa mbinguni

Hapa ndipo likizo nyingi hupotelea, na hakuna gharama yoyote kuepuka. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwenye pwani hii hupita mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuchelewa siku moja au mbili. Ukitumia kalenda ya mwezi mwandamo, hesabu tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 kuwa za bamvua, na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 kuwa za maji mafu.

Kuna jambo jingine ambalo kila mvuvi analijua na wageni hawaambiwi. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hukupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi saa 4 maji yamejaa, jioni saa 10 yamepwa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo ukijua tarehe ya mwezi mwandamo unaweza kukadiria, ukiwa mezani kwako, bahari itakuwa wapi asubuhi ya siku yako ya tatu. Jedwali la maji litakupa saa kamili zaidi.

Maana yake kwa mtu mwenye watoto wanaotaka kuogelea mbele ya chumba kijijini Utende, kusini mashariki mwa kisiwa: wiki ya maji mafu inawapa maji asubuhi nzima, wiki ya bamvua inawapa maji jioni tu. Kwa anayetaka kushinda kwenye fungu la mchanga la Marimbani, bamvua ndiyo nzuri, maana fungu linajitokeza lote na kukaa wazi muda mrefu. Kwa mzamiaji, mlango wa Kinasi unaounganisha ghuba ya Chole na bahari kuu hupitisha maji kwa nguvu sana wakati wa bamvua. Wenye uzoefu hupenda kuingia maji yanapojaa, kwa kuwa yanaleta maji safi ya bahari kuu. Yanapotoka hubeba tope la mikoko na huwezi kuona mbali. Anayejifunza kuzamia aende wiki ya maji mafu, bila mjadala.

Ulale wapi

Kisiwa kikuu kina urefu wa kilomita 50 hivi, na mahali unapolala panaamua utafanya nini. Kilindoni ndiyo makao makuu ya wilaya: uwanja wa ndege, bandari, soko, hospitali na benki viko huko, nyumba za kulala ni nafuu, na boti za potwe huanzia hapo. Utende iko kusini mashariki, kilomita 15 hivi kwa barabara, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na ina kilomita za mraba 822. Matumbawe, Chole na Juani viko upande huu.

Jambo la kujua kabla ya kulipia chumba Utende: getini unalipa kiingilio cha hifadhi, na kinahesabiwa kwa kila siku unayokaa ndani, uingie baharini usiingie. Raia hulipa kiasi kidogo. Wageni wa nje hulipa zaidi, na kiasi hicho kinauma kikizidishwa kwa siku saba. Uliza kiwango cha sasa, na uulize kama kimeshajumlishwa kwenye bei ya chumba, kwa sababu mara nyingi hakijajumlishwa. Kugawa siku husaidia: siku mbili za potwe lala Kilindoni, kisha hamia Utende kwa ghuba na visiwa vidogo.

Kama unachotaka hasa ni ufukwe mrefu mweupe wa kutembea bila kukutana na mtu, Utende siyo mahali pake. Pale kuna mikoko mingi. Elekea kaskazini, Kanga au Bweni. Njia ni ndefu, mchanga unakwamisha magari madogo, na maji ya kunywa unabeba mwenyewe.

Papa potwe

Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na wengi wa Mafia ni madume wachanga wa mita 6 au 7. Hawana haja na wewe. Wanafuata vijidudu vinavyoelea, hasa jamii ya uduvi, ndiyo maana maji yao ni ya kijani na mazito. Anayetarajia maji ya kioo anasikitika; ukungu huo ndio chakula chenyewe, na maji yakiwa safi kabisa potwe hana sababu ya kuja. Watafiti waliowafungia vifaa vya kuwafuatilia wamegundua kuwa wengi hawahami hata msimu ukiisha, huzama tu na kusogea mbali na ufukwe. Ndiyo sababu kwenda Juni kuwatafuta ni kupoteza mafuta.

Toka asubuhi mapema, kabla upepo haujapandisha viwimbi vinavyoficha pezi. Tenga asubuhi mbili, siyo moja, ili siku mbaya isikuharibie safari.

Boti ikimpata, nahodha mzuri hamfukuzi. Anazunguka kwa mbali, anasogea mbele yake kwa pembeni, anatoa gia. Wewe wakati huo umeshakaa ukingoni, mapezi miguuni, miwani imekaza usoni, mrija mdomoni. Unateleza majini taratibu bila kurusha maji. Wengi hukosea hapa: wanaruka kwa kishindo, potwe anainamisha kichwa na kuzama, na watu kumi wamekosa kwa sababu ya mmoja. Ukishaingia, ogelea sambamba na pezi lake la kifuani. Kaa angalau mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, kwa kuwa mkia unapiga kushoto na kulia na una nguvu ya kukuumiza. Usimguse, usipige picha kwa mwanga wa kamera, usimkatize njia mbele ya mdomo. Wakati mwingine utamkuta amesimama wima, mkia chini, mdomo juu ya maji, akinywa na kuchuja palepale. Ukimkuta hivyo tulia, elea tu. Anaweza kukaa dakika nyingi.

Kama boti tatu nne zimemzunguka samaki mmoja, mwambie kiongozi wenu asogee akatafute mwingine au asubiri zamu. Ni haki yako kusema, na mgeni akisema husikilizwa haraka. Vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua: inazuia jua, haichafui maji, na inakukinga na yavuyavu wadogo wanaowasha.

Juani na Chole

Kuangalia kasa hakupangwi siku moja kabla. Walinzi wa fukwe, wanaofanya kazi na shirika la Sea Sense, huandika tarehe ya kila kiota. Mayai huchukua takriban miezi miwili, kwa hiyo wanaweza kukadiria kiota kipi kitafunguka lini, ila kwa wiki, siyo kwa saa. Mwarifu mwenyeji wako tarehe zako mapema, na uache siku zako za Juani zibadilike. Ukifika kisiwani bado kuna mwendo wa miguu wa zaidi ya nusu saa kukata hadi ufukwe wa mashariki, kwa hiyo vaa viatu vya kufunga. Simama nyuma ya viota, siyo kati ya viota na bahari. Zima tochi na simu: vifaranga hufuata mwanga, na mwanga wa simu unawageuza kurudi nchi kavu. Usimbebe kumsaidia kufika majini.

Juani pia kuna magofu ya Kua, mji wa kale wa Waswahili. Panga kwenda maji yakiwa yamejaa, la sivyo mtavuta boti kwenye tope la mikoko.

Chole ni dakika chache kwa mashua kutoka Utende. Nenda alasiri, waangalie mafundi wa majahazi, ubaki hadi magharibi popo wanapoamka na kuruka kwa mamia. Usiwapigie makofi mchana ili waruke upate picha, wamelala.

Kufika, kulipa, kurudi

Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa. Mzigo kwa kawaida ni kilo 15, kwenye begi laini. Sanduku gumu linaweza kukataliwa hata likiwa na uzito sahihi, kwa sababu haliingii tumboni mwa ndege. Kwa bahari, shika barabara ya Kilwa, ingia Bungu, shuka hadi Nyamisati, panda chombo hadi Kilindoni. Ratiba ya Nyamisati hubadilika, mara nyingi kwa kufuata maji, hivyo piga simu siku moja kabla na tena asubuhi ya safari. Panda chombo chenye jaketi okozi kwa kila abiria. Ukiona watu wamejaa hadi ukingoni, subiri kinachofuata.

Toa fedha Dar, au Kilindoni kabla ya kwenda Utende. Fedha za simu zinapokelewa sehemu nyingi, lakini mtandao ukikatika utahitaji noti ndogo za kulipa mashua na waongozaji. Malaria ipo: lala ndani ya chandarua na umwone daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya safari. Mafia ni kisiwa cha Waislamu wengi. Vazi la kuogelea ni la ufukweni, vijijini funika mabega na magoti. Mwezi wa Ramadhani migahawa ya mitaani hufungwa mchana, kwa hiyo uliza chakula hotelini kwako.

Siku ya mwisho usizamie kwa mtungi kama unaruka na ndege: acha saa 18 au zaidi baada ya kuzamia mara kadhaa. Na kama una ndege ya kimataifa, rudi Dar siku moja kabla, kwa sababu mvua moja ya asubuhi inatosha kuchelewesha ndege ndogo hadi mchana.